Milango ya Gari Haikatwi

Mjukuu wangu Gloire,

Huku Lubumbashi tu wazima. Mama yako amepona, nami tangu nkambo wako, babu yako, atuache bado napika chai ya watu wawili. Unauliza kama fundi akate milango ya gari ya nkambo, bafle kubwa, yaani spika, ziingie na muziki usikike vizuri.

Wakati wa uporaji, watu walipovunja maduka na nyumba hapa mjini, bafle yake ilipasuka, na fundi alitaka kukata vilevile. Nkambo akamzuia: "Bantu beko banavunja milango muji muzima. Miye sitakata hata moja." Akafunga bafle mpya ndani ya sanduku la samaki la Kasenga, kule kwa wavuvi, akalisukuma chini ya kiti.

"Redio yako inanuka samaki," nikamcheka.

"Lakini inaimba muzuri!"

Kweli iliimba. Leta bafle zako, tuzitengenezee sanduku kama lile. Milango haikatwi; mmojawapo ndio nkambo aliokuwa akinifungulia.

Bibi yako, Nkambo Régine