Turubai la Baba Limehamia kwa Shangazi

"Bustanini kuna chai na vyoo, Graham!" "Na ufukweni kuna bahari!" Mama, Baba, nawasikia mpaka huku jikoni mkibishania pa kwenda leo. Naandika kwa sababu nafasi ya kuongea sijapewa.

Sandwichi za kaa ziko kwenye friji. Bebeni makoti, ni Agosti, lazima inyeshe. Mbwa ameshakula, akilia njaa msimwamini.

Mama, pole, Baba alishaamua. Alinituma alfajiri ufukweni nikachomeke lile turubai lake la kuzuia upepo, palepale pa kila mwaka, kabla wageni wa London hawajapavamia. Nimechomeka ~~palepale~~ pembeni ya la Shangazi Doreen. Ndiyo, Baba, dada yako, ambaye hujamsemesha tangu mgombanie majivu ya mwili wa Bibi: yamwagwe baharini au kwenye mawaridi. Mnisamehe, mtu aliyeacha chuo mwaka wa tatu hajui vipimo.

Nilidhani Shangazi atanifukuza. Aliliangalia turubai, akasema, "Huyo mkaidi bado anatumia hili lenye viraka?" Halafu akacheka, akanimiminia chai.

Natangulia ufukweni na viti. Bustani haihami, Mama, tutaenda kesho.

Baba, njoo, na usije na mdomo. Shangazi anapasuliwa moyo Jumatatu. Nilijitolea kumpeleka hospitali, akakataa. Anaomba umpeleke wewe.

Kitinda mimba wenu