Mapigo Manane ya Kimya

Jumapili, 4 Mei

Cercle tena leo, klabu ya wakubwa wa kampuni ya madini, saa sita na nusu hadi saa tisa. Kuku, viazi, bia. Nimepiga piano bila kupumzika, kama Kabwe anavyotaka. Yeye ndiye gérant, mambo yote ya mle ndani yako mikononi mwake. Sheria zake ni tatu. Piano isinyamaze. Isipande juu ya sauti za wageni. Na nisiseme kwamba hii ni jazz, maana ni kitu cha kigeni na sasa serikali inataka sote tuwe watu wa asili.

Mjini ukisema jazz, watu wanafikiria magitaa na dansi. Hii yangu nilijifunza kwenye sahani za muziki za daktari mmoja Mbelgiji aliyeondoka akaziacha. Kabwe anaiona kama kitambaa cha meza.

Wakubwa wa kampuni wanataka muziki ili meza moja isisikie maneno ya meza nyingine. Hilo nililielewa mwezi wa kwanza tu, miaka sita iliyopita. Kila mmoja anamwogopa aliye nyuma yake.

Ilunga, mpiga besi, alikuja kutoka Lubumbashi mwezi wa pili. Leo alipokuwa anaifunga besi yake kwenye shuka akaniambia: "Mama Béatrice, weye unapigaka sawa feni."

Jina langu la ubatizo, mbele ya wahudumu. Limekatazwa, kama majina yote ya Kizungu. Mimi ni Mujinga sasa, hata kwenye karatasi. Alitaka nini?

Lakini feni, hapo amesema kweli. Imeniuma.

Jumatano, 7 Mei

Mazoezi kwenye ukumbi wa parokia. Nimemsikilizisha Ilunga wimbo wangu mwenyewe. Miaka minne nimeuficha. Katikati kuna mahali kila kitu kinasimama. Mapigo manane ya kimya, halafu piano inarudi na noti moja ya chini. Bila kile kimya wimbo si kitu.

Akaomba nirudie. Akasema tuupige Cercle tarehe 18, siku commissaire wa zone, mkuu wa serikali hapa, atakapokuja kula. Nikamwuliza kwa nini siku hiyo. Eti watu watakuwa wengi.

Nimerudi nyumbani na furaha. Na mashaka. Kwa nini siku hiyo?

Jumapili, 11 Mei

Nimemkuta Ilunga nyuma ya jiko na mtu aliyevaa abacost, ile suti ya watu wa serikali, simjui. Waliponiona wakanyamaza. Ilunga akasema ni shemeji yake. Hajawahi kutaja shemeji.

Daftari hili silitaki tena mezani. Nimelitia ndani ya kopo la unga.

Jumapili, 18 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Cercle ilijaa. Commissaire alikaa meza ya kati na wenzake. Wiki iliyopita alikata utepe kwenye pampu mpya ya maji ya cité, mitaa ya wafanyakazi, kwa ngoma na hotuba. Maji bado hayatoki.

Meza ya dirishani alikaa injinia Mwamba wa kiwanda cha Shituru na wenzake wawili. Mkewe tunaimba naye kwaya.

Tukaanza wimbo wangu. Nikapiga polepole. Sijui niseme vipi. Watu walianza kushusha sauti. Mtu mmoja akaweka uma chini. Miaka sita, mara ya kwanza. Nikasahau Kabwe, nikasahau wote. Tukafika mahali pa kimya, nikainua mikono, Ilunga akashika nyuzi zake zisilie.

Na ndani ya kile kimya, Mwamba, ambaye hakuwa anasikiliza, akasema kwa sauti ya kushindana na piano isiyokuwepo:

"Ile pampu ni ya zamani. Walipaka rangi tu."

Ukumbi mzima ulisikia. Nikahesabu hadi nane. Sikujua kufanya kingine. Nikashusha noti ya chini.

Commissaire hakugeuka. Aliendelea kukata kuku wake vipande vidogo vidogo.

Jumanne, 20 Mei

Wamemchukua Mwamba. Asubuhi, kazini kwake, mbele ya wafanyakazi. Watu wawili na jeep. Hakuna anayejua amepelekwa wapi.

Sokoni mwuza majani ya sombe, ambaye huwa ananiongezea, leo alinipa bila kunitazama.

Alhamisi, 22 Mei

Kwaya. Mama Mwamba alikuja hivyo hivyo, macho yamevimba. Hakuna aliyekaa karibu nami. Baada ya wimbo wa pili akaniita nje. Akasema watu wote wanajua kwamba piano ilinyamazishwa kwa makusudi, ili mumewe asikike. Akaniuliza nani alinituma.

Nikasema hakuna. Hakuniamini. Ningekuwa yeye nisingeniamini.

Ndipo nikasema. Ilunga ndiye aliyechagua siku. Ilunga ana watu wa abacost wanaokuja kumwona nyuma ya jiko. Ilunga katoka Lubumbashi na hakuna anayejua kwao.

Nilikuwa nayafikiria wiki mbili. Yametoka kwa dakika moja. Akanishukuru. Nikajisikia mwepesi njia nzima hadi nyumbani.

Jumapili, 25 Mei

Ilunga alikuja Cercle akiwa na jicho limevimba hadi kufumba na mdomo umepasuka. Kaka zake Mama Mwamba walimngoja barabara ya Kakontwe. Besi yake wameivunja shingo. Alikaa kitini kando ya piano bila kitu mkononi, akanisikiliza nikipiga hadi saa tisa.

Kabwe amenionya: nikinyamaza hata pumzi moja, nisirudi. Nimepiga kama feni.

Kama Ilunga ni mtu wa serikali, mbona wamemwacha apigwe? Labda ndivyo wanavyofanya ili asijulikane. Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Kila jibu linazaa mashaka mengine.

Jumanne, 27 Mei

Watu wa usalama wameniita. Nilifikiri itakuwa ofisini kwao, kumbe ni Cercle, saa tatu asubuhi. Viti viko juu ya meza, miguu hewani. Mtu mmoja wa makamo, koti safi, karatasi mkononi. Hakusema jina. Kabwe alijifungia jikoni.

Akaeleza kwa upole kwamba kuna wanaosema kimya changu kilikuwa alama ya kumwambia mtu jambo fulani. Anataka kujua kama kimo ndani ya wimbo au la. Akaniambia nipige.

Nikapiga. Mahali pa kimya nikasikia friji ya jikoni na Kabwe akikohoa.

"Tena."

Nikapiga tena. Alihesabu kwa kidole juu ya goti. Nane.

"Tena, Mama."

Mara ya tatu hakuhesabu. Alikuwa amefumba macho. Nilipomaliza hakufungua haraka. Akauliza nani aliyeutunga. Nikasema mimi. Akasema ni mzuri.

Mtu wa kwanza, ukimtoa Ilunga, kuusikiliza wimbo wangu hadi mwisho, na huo ndio ukweli: nilifurahi. Naandika hivyo na naona haya.

Alipokunja karatasi zake nikamwuliza, sijui nilipata wapi moyo, nani aliyemshitaki Mwamba. Akanitazama kama mtoto.

"Kushitaki? Commissaire iko na masikio, Mama. Batu yote mule ndani walisikia."

Nikataja Ilunga. Akatafuta kwenye karatasi. Hakulijua jina hilo.

Mlangoni akageuka. "Ile tundu ya katikati, uizibe."

Ijumaa, 30 Mei

Niliambiwa Ilunga anaondoka na treni ya asubuhi. Nikaenda stesheni. Kulikuwa na baridi, kama kiangazi cha kwetu kilivyo, na moshi wa Shituru ulikuwa umelala chini. Nikamkuta amekalia mzigo wake. Besi ilikuwa vipande viwili ndani ya shuka lile lile.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema moja.

"Ni miye nilisema jina yako kwa Mama Mwamba."

"Nilijua, Mama. Walikuwa wanataja jina yako wakati wananipiga."

Nikamwuliza juu ya shemeji. Akasema ni shemeji kweli, mume wa dada yake, anauza matairi. Siku ile alileta habari kwamba dada ni mgonjwa, na Ilunga hakutaka kunisumbua nazo kabla ya wimbo. Tarehe 18 aliichagua kwa sababu hiyo tu aliyosema: watu wengi. Alitaka wimbo usikike.

"Sasa juu ya nini haukunitukana siku ya Mungu, kule Cercle? Ulikuja ukakaa tu."

Mdomo bado ulikuwa unamuuma.

"Kwa ile Cercle yote, ni weye peke ulikuwa unanisikia."

Treni ilichelewa saa nzima. Tulikaa. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba, sikuwa na haki hiyo. Nilimpa mkate na mayai, akapokea.

Jumapili, 8 Juni

Kabwe amenunua mashine ya kaseti. Ameniambia nitaitwa wakati wa sikukuu. Nilibaki kaunta kidogo nikingoja anipe karatasi zangu za muziki. Kaseti ilikuwa inacheza, ya magitaa. Watu walikuwa wanakula vile vile.

Sikulia. Nilifikiri ningelia.

Jumapili, 29 Juni

Mwamba amerudi. Alhamisi walimshusha mbele ya nyumba na kuondoka. Amekonda, mguu mmoja anauburuta. Kampuni imempa kazi nyingine, ya kuhesabu mapipa. Pampu haijawahi kuguswa.

Leo baada ya misa alikuja na mkewe kwenye ukumbi wa parokia, nilipokuwa nafundisha kwaya ya watoto. Nikasimama. Nilidhani amekuja kunilaumu. Akangoja watoto watoke, akaketi benchi la pili, akanyoosha mguu.

"Mama Mujinga, siku ile nilikuwa nasema. Ile muziki sikuisikia. Nimekaa kule siku mingi nikiifikiria. Unipigie."

Nikapiga. Sehemu ya besi niliiacha wazi, maana mwenyewe hayupo. Kile kimya sikukiziba. Nje mama mmoja alikuwa anafagia. Mwamba alikaa ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, na hakusema kitu hadi mwisho.

Nikafunga piano. Tukatoka pamoja, tukaenda kwao kula bukari, ugali wetu, na samaki. Njiani tulikwenda taratibu kwa ajili ya mguu wake, nikawaeleza aliyoniambia Ilunga stesheni, kwamba hakuwa mtu wa serikali na shemeji yake anauza matairi. Mama Mwamba akaniuliza Ilunga anakaa mtaa gani kule Lubumbashi. Nikasema sijui.

Akasema tutauliza kwa wauza matairi.