Mundu wa Mkono wa Kushoto

14 Aprili

Kwako kaka,

Pokea salamu zangu na za mama. Sisi hatujambo, ni mgongo wa mama tu ndio wenye maneno yake. Natumai nawe u mzima, na kwamba matanuri ya huko kwenye kiwanda cha mikate hayajakukausha ukawa kama samaki.

Ngano imeingia ardhini jana. Nilitangulia nikitawanya mbegu, mama akafuata akiburuta tawi la miiba kuzifukia, na kila nilipogeuka alikuwa na la kunisahihisha. "Unamwaga kama unalisha kuku." Nikamwambia mimi ndiye niliyesoma kilimo shuleni. Akasema hata kuku wamesoma, ndiyo maana wameshafika. Tulicheka. Kisha akaketi katikati ya shamba kupumzika, akashindwa kuinuka. Nilimnyanyua kwa kumshika makwapa, na tukaendelea na kazi bila kulizungumza.

Kwa hiyo nalizungumza na wewe. Mwaka huu mama hataweza kukata. Ataweza kufunga miganda akiwa ameketi, ataweza kupepeta, lakini kuinama na mundu kutwa nzima, hapana. Vibarua hawapatikani, maana wiki ya kuvuna kila mtu yuko kwake. Mwaka jana nilikata peke yangu, na ndiyo sababu sikwenda chuoni. Chuo cha ualimu wamenishikia nafasi kwa mwaka mmoja tu. Natakiwa niripoti katikati ya Septemba, na ngano itakuwa tayari Septemba hiyohiyo. Uliahidi kwamba zamu hii utarudi ushike shamba, mimi niende. Sikukumbushi kwa kuwa nina shaka nawe. Ahadi hiyo ndiyo kitu pekee nilicho nacho, na mtu hukitazamatazama kitu chake.

Mundu ulionitengenezea upo. Miundu yote ya sokoni imenolewa kwa ajili ya mkono wa kulia. Mimi nikiishika inateleza juu ya mashina, haikati. Wengine wote waliniambia nibadilishe mkono. Wewe ulikaa na tupa siku mbili ukaunoa upande wa pili, ukasema, "Mkono hauna kosa, kosa ni la chuma." Nimeupaka mafuta, nimeutundika nyuma ya mlango.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu Shoto,

Nimeipata barua yako nikaisoma nikiwa nimekalia gunia. Mimi mzima kabisa, hofu ni kwenu. Mwambie mama asiburute miiba, aburute wewe, una nywele za kutosha.

Sasa wameniweka kwenye mashine ya kukandia unga. Ni sufuria la chuma, kubwa kama tangi la maji, na ndani yake kuna chuma kilichopinda kinachozunguka. Zamani ilikuwa na kifuniko. Msimamizi alikiondoa ili tuongeze unga bila kuizima. Kinyunga, lile donge la unga uliokandwa, kinavyojipiga ukutani, ungedhani kuna mtu anapigwa chumba cha pili. Unga unaingia kwenye nyusi na masikio, na tukitoka kazini sote tumeshazeeka. Wenzangu wananiita Mkulima, kwa sababu siku ya kwanza niliona punje imejificha kwenye mshono wa gunia nikaitupia mdomoni. Ilikuwa ya njano. Ilivunjikavunjika ikawa uji, basi. Unakumbuka zetu nyekundu tulivyokuwa tukizitafuna mpaka zinakuwa ulimbo, tunauvuta kutoka mdomoni kama kamba, na mama anatufukuza uwanja wa kupuria, "Tokeni, mnanitafunia mbegu!"

Septemba nitakuwa hapo. Anza kufunga sanduku. Nitafutie mundu wa kulia wenye mpini mrefu, mimi sikuumbwa kwa vipimo vya kuku.

Kaka yako

25 Juni

Kwako kaka,

U hali gani? Sisi tunaendelea. Hii ni barua yangu ya pili tangu ile yako ya Mei, nadhani labda ile ya kwanza ilipotea njiani.

Ngano imetoa masuke. Upepo ukipita, shamba lote linalala upande mmoja na kuinuka, na mimi husimama pembeni nikiwa sina ninachofikiria, jambo ambalo kwangu ni nadra. Ndege wameanza. Mama anakaa na debe na kijiti, akichoka kupiga anawatukana kwa jina la ukoo. Hakuna kutu kwenye majani. Itakuwa nzuri mwaka huu, kaka. Mashina ni mazito.

Andika, hata mistari miwili.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Natumai hamjambo. Mimi naendelea vizuri. Anayeniandikia barua hii ni mwenzangu wa zamu, kwa maana kazi zimenibana sana. Nasikitika kwamba sitaweza kuja Septemba. Kiwanda hakitoi ruhusa. Tafuteni mtu wa kuwasaidia. Msiwe na wasiwasi wowote.

Kaka yako

11 Agosti

Kaka,

Sisi wazima.

Nimeisoma barua yako, kama ni yako. Mama alitaka nimsomee mara mbili. Mara ya pili aliniuliza, "Mbona haniiti kwa utani?"

Nilidhani nakujua. Nilidhani kama kungekuwa na mtu mmoja ambaye hataniambia "tafuteni mtu", ni wewe. Tumtafute nani? Unajua shamba ni ekari ngapi, unajua mgongo wa mama, unajua tarehe. Umejua yote hayo, ukamwita mtu baki akuandikie mistari sita. Je, mjini kalamu imekuwa nzito kiasi hicho? Au umepata watu wa kukulia mshahara na sisi tumekuwa deni? Wako wanaoondoka wakawa mkono wa birika, lakini hata birika humimina likiinamishwa.

Nitakata mwenyewe. Nafasi chuoni itakwenda kwa mwingine. Sitakuomba tena, wala usinitumie tena barua za mwandiko wa watu.

Mdogo wako

27 Agosti

Shoto,

Mwandiko huu ni wangu. Usicheke. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana.

Kalamu ni nzito kweli. Naandika kwa mkono wako. Ule wangu haupo.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni. Kinyunga kilikuwa kimeng'ang'ania ukutani mwa sufuria, nikaingiza mkono kukibandua, jambo tunalolifanya kila siku. Chuma kikashika shati. Hakikukata, kilizungusha. Yule mwenzangu ndiye aliyekimbilia swichi. Hospitali walimalizia chini kidogo ya kiwiko. Nasikia kinyunga cha siku ile kilimwagwa chote, na msimamizi akasikitikia unga. Nilipotoka wodini nilikuta kazi yangu ina mtu, na mashine bado haina kifuniko.

Ile barua ya Julai niliitunga mimi, yeye akaandika. Nisingeweza kuwaambia bila kuwa na la kuongeza. Mtu harudi kwao mikono mitupu. Ona, hata maneno yamenigeukia.

Sasa ninalo la kuongeza. Mundu wako. Nimebaki na mkono ambao nyumba nzima ina chuma kimoja tu kinachoufaa, na chuma hicho nilikinoa mwenyewe. Nitakuja nikate, mama afunge, wewe uende. Niambie tu kama bado uko nyuma ya mlango.

Usimwambie mama. Au mwambie, nikifika awe amemaliza kulia.

Kaka yako

5 Septemba

Kaka yangu,

Mundu upo.

Ile barua yangu ya Agosti ningeweza kuila ningeila. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa maana nikianza kujieleza nitaishia kukuomba unifariji, na si zamu yangu.

Mama nilimwambia akiwa anasiliba uwanja wa kupuria kwa samadi. Hakulia. Alimaliza upande aliokuwa ameuanza, akanawa, akasema, "Nilimpiga huyu mtoto wangu wa kike kwa kula kwa mkono wa kushoto. Sasa Mungu ameniletea wawili." Akaingia ndani akafunga mlango. Alipotoka aliuliza unapenda kitanda kiwe upande gani.

Sasa nisikilize. Juzi nilijifunga mkono wa kulia mgongoni kwa kanga, nikaingia shambani na mundu. Nilitaka kujua unachokijia. Haiwezekani, kaka. Mkono unaokata hauna kazi bila ule unaoshika. Mundu ukigusa mashina yanainama tu, punje zinadondoka, na mimi nimesimama kama mtu anayefukuza nzi. Nilijaribu asubuhi nzima. Mama alikuwa akinitazama kutoka kivulini.

Halafu akaniletea upembo, kile kijiti chetu kilichopinda ncha, cha kuangulia matunda. Akakifupisha kwa panga, akaifungua kanga, akanifungia kwenye mkono wa kulia kwa mkanda wa marehemu baba, ncha ikitokeza mbele kama kidole kimoja kikubwa. Unakusanya mashina kwa upembo, unayavuta kwako, unakata kwa kushoto. Inafanya kazi. Polepole, na mkanda unachubua, lakini mashina yanakatika. Sikudanganyi: nilikata robo ya ninachokata siku zote.

Ngano iko tayari. Ukiibana kwa jino inalia. Nimeanza juu, nakata tangu umande unapokauka hadi nisiuone tena mundu. Mama anafunga. Nitafika nitakapofika, na sehemu ya chini itakuwa yako. Mawingu bado.

Njoo kabla ya tarehe kumi na tano. Nataka nikuone kabla ya kuondoka, na nataka kuondoka. Nimeandika yote mawili ili usichague moja ukaliamini.

Mdogo wako

3 Novemba

Mwalimu Shoto,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Mimi mzima, mama mzima, kuku wazima na bado wamesoma kukuzidi.

Habari ni njema tupu. Tulimaliza kukata sehemu ya chini siku chache baada ya wewe kuondoka. Upembo ule ni mwalimu, nimeuzoea mpaka najikunia mgongo. Miganda ilikauka vizuri, tukapura kwa fimbo, na kupura ni kazi ya mkono mmoja, hapo nilimshinda mama kabisa. Siku ya kupepeta upepo ulikuja wenyewe bila kubembelezwa. Ghala limejaa. Mama anasema hajaona ngano kama hii tangu baba.

Nakutumia kimfuko cha ngano yetu kwa dereva wa lori, mkapikiane na wenzako.

Likizo usirudi. Safari ni ndefu na hapa hakuna kazi iliyobaki. Soma.

Kaka yako

20 Novemba

Kaka,

Kimfuko kimefika. Nilitoa punje, nikazipeleka dirishani penye mwanga. Ni za njano. Nikazitia mdomoni nikazitafuna nikiwa nimefumba macho, kwa sababu nilikuwa bado nakuombea uwe umesema kweli. Zikavunjikavunjika. Zikawa uji.

Huku mvua ilianza kabla Septemba haijaisha, na mawingu yalitoka upande wa kwetu. Nilikuwa darasani, mwalimu anafundisha, na mimi nikawa nahesabu tu: miganda yangu bado imelala shambani, mkanda unakuchubua, mama hawezi kuinama. Siku niliyoondoka nilikuona kupitia kioo cha gari. Ulikuwa umekata mahali pa ukubwa wa mkeka, nawe ulisimama wima uliposikia gari, ili nikuone umesimama. Kwa hiyo niliposoma "ghala limejaa" nilijua, na bado nilitaka kutafuna kwanza.

Ngano imeota, sivyo? Imelowa ikaota ndani ya masuke. Iliyokatwa na isiyokatwa. Na hicho kimfuko mlikinunua sokoni mkiwa hamna kitu.

Nitakuambia jambo ambalo singemwambia mtu mwingine. Nilipojua, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huruma. Kilikuwa hofu, kwamba sasa itanibidi nirudi. Ninyi mlikuja wa pili. Nimekaa na hilo wiki nzima kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Nilifunga sanduku. Nikalifungua. Kitabu kilikuwa juu ya nguo, na nilipokitoa nilijua sirudi.

Sirudi, kaka. Si kwa sababu nimekuamini. Umenitaka nikae, na mimi nataka kukaa, na njaa yenu ipo katikati yetu na hakuna hata mmoja wetu aliyeitazama. Mimi naitazama. Nikimaliza chuo nitaibeba upande wangu, lakini siwezi kubeba kitu mnachonificha.

Katika upindo wa gauni nililovaa nikikata ngano nimekuta punje chache nyekundu. Nimezifunga kwenye kikaratasi humu ndani. Sikutafuna hata moja. Kama mmekula mbegu, hizi zipandeni karibu na mlango, mama azilinde kwa debe.

Mwambie mama nimelijua hili mwenyewe, asikulaumu. Mkanda uloweke kwenye mafuta, utalainika.

Na ukiniandikia, usianze na salamu. Anza na mlichokula.

Mdogo wako