Baba Aliyejipunguzia Miaka

Jumatatu, 4 Machi

Baba tumeshamzika, leo tumefuatilia mafao yake. Kikao cha ukoo kilinichagua mimi, kifungua mimba, niwe msimamizi. Baba mdogo kanuna. Alikitaka cheo yeye, lakini mama alikataa katakata – hata hela ya jeneza nusura iishie baa!

Karani akafungua faili. Akaniangalia, akaliangalia faili. Mfumo unakataa, akasema. Kwa makaratasi, marehemu alinizaa akiwa na miaka kumi!

Mama hakupepesa macho. "Alikuwa na haraka na kila kitu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 5 Machi

Mama kakiri. Baba alijipunguzia miaka kumi na miwili asije akastaafishwa. Ndiyo maana ya ile rangi nyeusi kichwani kila Jumapili! Ndiyo maana wajukuu walikatazwa kumwita babu karibu na kazini kwake, stoo ya idara ya maji. Walimwita anko. Nimecheka weee, halafu nikalia kweli. Nimemkumbuka mno.

Baba mdogo naye kapiga hesabu. Kwa makaratasi yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo tumwite baba mkubwa. Na kiti cha marehemu kakikalia!

Alhamisi, 7 Machi

Nilirudi peke yangu, nikaseme ukweli. Karani akafunga mlango. Ukisema hivyo, dada, basi marehemu alikula mshahara miaka yote ambayo alipaswa kuwa amestaafu. Hela hizo watazikata humo humo kwenye mafao.

Mama atabaki na nini – kandambili? Mwenye nyumba keshaanza kumsalimia kwa upole unaotisha.

Karani akanionea huruma. Kwani lazima uwe mtoto wake? Sema ni mdogo wake. Hati ya kiapo tu.

Tu!

Ijumaa, 8 Machi

Mama kapika, sijala. Usiku nimekula.

Jumatatu, 11 Machi

Kwa wakili. Naandika hapa hapa kwenye benchi. Mama tangu asubuhi ananiita wifi, eti nizoee. Nimemwambia akome.

"Sawa, wifi."

Wakili kanisomea hati. Mimi si mtoto wa marehemu, bali ni ndugu yake wa kuzaliwa. Kwa sauti, mbele ya watu! Na pua hii nimeiokota wapi? Hata yeye kaiangalia, kaangalia na picha ya baba, kakohoa, kaenda kutafuta muhuri.

Hati iko mapajani. Pa kutia saini nimeonyeshwa. Kalamu ni hii hii, na mkono hautaki.

Mama kaacha utani. Kanishika bega, analia. "Tia saini, mwanangu. Tia, mwanangu, baba yako angekuelewa."

Kasema kwa sauti. Benchi zima limegeuka – na wakili yuko mlangoni, muhuri mkononi.