Mkwe Wangu Anadhani Amekuwa Kiziwi, Kumbe Nilificha Magurudumu Chini ya Spika Zake

Mshauri, nisome mpaka mwisho ndipo unilaumu, maana sina mwingine wa kumwambia. Naishi Hamamatsu na mume wangu Tetsuya na baba yake, Mzee Kuramochi, fundi wa piano tangu ujana wake, na ingawa amestaafu, shule ya msingi ya mtaani kwetu bado humwita kila mwaka kabla ya mahafali awawekee piano sawa. Sebuleni ana spika mbili za mbao zinazonifika kifuani, nzito kuliko mimi, na kila jioni baada ya kula huketi mbele ya spika hizo akasikiliza santuri, na sisi wengine tunanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja alilazwa kufanyiwa upasuaji wa goti, hospitali wakatuambia atarudi na kigari cha kutembelea, tumpe njia pana, na njia yenyewe imezibwa na spika, na mimi ndiye ninayezisukuma nikifagia huku mgongo ukinikatika, basi nikamwita seremala akafunga vigurudumu chini yake, kisha nikamwomba abandike ubao mwembamba kwa mbele visionekane, kwa sababu niliwahi kutaja magurudumu na Baba akanijibu, "Hiyo ni spika, Chizuru, siyo toroli la sokoni." Nikajisemea nitamwambia akipona.

Jioni aliporudi aliweka santuri, akasikiliza kidogo, akazima.

"Umechoka, Baba?"

"Besi imepungua."

Kesho yake akajaribu tena, akaziba sikio hili, akaziba lile, halafu akasema polepole, "Si spika. Ni mimi." Mshauri, spika ikiinuliwa kutoka sakafuni besi, ile sauti nzito ya chini, hupungua, na pale ndipo nilipopaswa kufungua mdomo, na sikuufungua.

Tangu hapo hagusi santuri. Mwalimu mkuu alipopiga simu kuhusu piano alimjibu, "Tafuteni kijana." Akiwa bafuni namsikia akigonga kile chuma chake cha kupimia sauti za piano, kimya, anagonga tena. Sasa amempa rafiki yake wa Toyohashi zile spika, atakuja na gari kuzichukua mwisho wa mwezi. Nilipomweleza Tetsuya tukiosha vyombo, alisema, "Nyamaza tu. Ukimwambia leo ataona umemchezea. Zikishaondoka, yamekwisha." Lakini kila Baba akitazama sakafu nageuza uso, na kuna hofu nyingine inayonitafuna: je, kama masikio yake yamekwisha kweli, nami nikamwambia ni magurudumu, si nitakuwa nimempa tumaini la uongo? Nifanye nini?

Chizuru

*

Chizuru, kumpa mzee njia ya kupita hakukuwa kosa. Mgongo wako nao ni mgongo, na katika nyumba yenu hakuna aliyeuuliza hali. Kosa ni ule ubao wa mbele. Ulipouagiza ulijua kabisa unamficha nani.

Mumeo amekushauri vibaya, na mwambie nimesema hivyo. Hayatakuwa yamekwisha. Baba yake atabaki ameketi mbele ya ukuta mtupu akiamini kwamba kitu alichokitegemea maisha yake yote kimemtoka, na nyinyi wawili mtakuwa mnajua mnamdanganya, kila mkila naye.

Mwambie leo, kabla ya chakula, Tetsuya akiwa pembeni yako. Usianze na mgongo, wala hospitali. Sema, "Baba, ulipolazwa nilifunga vigurudumu chini ya spika, nikavificha." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike. Afadhali hasira kuliko hayo anayojifanyia bafuni. Seremala aje avitoe, na kuanzia hapo siku ya kufagia azisukume Tetsuya, si ana mikono? Masikio ni ya daktari kuyapima. Wewe usimwahidi chochote. Na mtu wa Toyohashi apigiwe simu asije kwanza.

Acha kutetemeka, nenda kaseme.

*

Chizuru alituandikia tena, naye ameturuhusu kuchapa.

Mshauri, nilisema. Baba alisukuma kikombe chake cha chai pembeni, halafu akamwambia Tetsuya, "Nishike, nishuke chini." Akalala ubavu sakafuni na goti lake lile, akapapasa chini ya spika, akaupata ubao, akapitisha kidole kwenye ukingo wake.

"Seremala huyu anaijua kazi," akasema. Kisha akanitazama. "Miezi miwili, Chizuru."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Hakusema amenisamehe, na siku tatu alinijibu kwa neno moja moja. Vigurudumu vilipotolewa aliweka santuri, akasikiliza upande mzima. Nikamuuliza kwa woga kama besi imerudi. "Imerudi. Siyo yote."

Tukampeleka kwa daktari. Sikio la kushoto limepungua kidogo, kwa umri. Niliogopa kumtazama. Tukiwa garini akasema, "Basi besi isiyorudi ni yangu. Ile nyingine ilikuwa yako," akafunga mkanda, akamwomba Tetsuya tupitie shuleni akaione ile piano.