Matanga Yangu Mwenyewe

Jumanne, 8 Julai
Uji, dawa, kumwogesha Mama. Kanishukuru: "Ahsante, dada." Dada, yaani msichana wa kazi. Tangu ugonjwa wa kusahau umkolee ndivyo anavyoniita. Nimezoea. Uongo, sijazoea.

Saa tatu usiku nikamkalisha mbele ya televisheni. Nilipotokea kwenye tamthilia akapiga makofi. "Zuhura wangu huyo!" Humo naitwa Semeni, rafiki wa nyota. Kazi yangu kubwa ni kumpokea mkoba na kulia akilia. Mama hajali. Kwenye kioo ananijua. Nikikaa pembeni yake hanijui.

Alhamisi, 10 Julai
Kelvin, mwandishi wetu, kanipa habari huku anatafuna mishikaki. Semeni anakufa. Nyota anahitaji kitu cha kumliza.

Nikamwomba anisafirishe tu. Semeni aende Oman kufanya kazi, awe anapiga simu mara mojamoja. Nikamweleza habari za Mama. Akaacha kutafuna, nikadhani nimempata. Kisha akasema watu hawamlilii mtu aliyeenda Oman.

Nimerudi Kariakoo kwa miguu, nimefura. Kelvin mama yake anamjua.

Jumamosi, 12 Julai
Nimekufa. Kwetu kila mwigizaji huja na nguo zake, kwa hiyo nimefia kwenye gauni langu la kijani, la mtumba, la soko la Mchikichini. Nilipokata roho mara ya kwanza muuza maji akapita akigonga chupa zake. Tukarudia.

Nikarudi nyumbani nimelivaa gauni hilo, pamoja na wanja wa Semeni, nikasimama mlangoni. Matumaini ya kijinga. Mama akanitazama sana.

"Dada, vua nguo ya mwanangu. Akirudi atakasirika."

Nimevua.

Jumanne, 29 Julai
Kesho nakufa hewani. Nimechomoa waya wa televisheni na kuuficha kwenye ndoo ya mchele. Mama kauliza Zuhura yuko wapi. Nikasema kasafiri, yuko Oman. Akaridhika. Alichokataa Kelvin nimekitunga mwenyewe.

Anauliza tena.

Jumatano, 30 Julai
Waya nimeficha. Midomo ya watu sikuikumbuka.

Nilikuwa uani nachemsha maji. Nyumba nzima ilikuwa kwa Mama Side, mpangaji mwenzetu, wanatazama nikifa. Ilipoisha akaja chumbani kwetu na wenzake, mikono kichwani, kwa utani wake wa siku zote: "Mama Zuhura, pole jamani, mwanao katutoka!" Wakaangua kicheko.

Mama hakucheka. Sauti iliyomtoka sijawahi kuisikia. Nikakimbilia ndani, nikamkumbatia. Mimi hapa, Mama, mimi ndiye Zuhura. Akanisukuma. Akaniuliza nina roho gani ya kumfanyia mzaha mfiwa.

Nilitaka kumzaba Mama Side kibao. Alikuwa analia kuliko sisi wote.

Alhamisi, 31 Julai
Mama hali kitu. Nimerudisha waya, huenda akaniona hai. Marudio yalionyesha mazishi yangu. Nikazima haraka.

Ijumaa, 1 Agosti
Mama katoa amri mkeka utandikwe. Umetandikwa. Mama Side kapika wali na maharage, wapangaji wameingia mmojammoja kutoa pole. Hakuna aliyecheka. Wananipita mlangoni wakiangalia chini, na mimi ndiye ninayewapokea.

Baada ya alasiri wakaondoka. Nikakaa kwenye mkeka karibu naye. Nikampa pole na mimi, ningefanyaje. Akanishika mkono, akaanza kunisimulia habari za marehemu. Alivyokuwa akimsuka nywele jioni. Binti alivyokuwa akiimba jikoni, vibaya. Yeye Mama alivyomkataza uigizaji, wakanuniana mwaka mzima.

"Lakini alikuwa anajua kuigiza yule," akasema. "Sikuwahi kumwambia."

Nililia, na safari hii sikuwa namsaidia nyota.

Akanitazama, akauliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanisogezea sahani yake, tukala wote.