Korongo Mmoja wa Ndalu

Wekesa, rafiki yangu,

Jumamosi kikundi chetu cha kutazama ndege tulirudi Ndalu, mara ya kwanza bila wewe. Nakuandikia nikiwa ofisini Bungoma, mlango nimeufunga, maana mkuu wangu akinikuta nalia sijui nitamwambia nini. Walinihamishia huku baada ya mazishi yako. Bado naogopa kila mtu.

Baridi ya Julai unaijua. Ukungu ulitufuata kutoka Kitale mpaka kinamasini, vidole vikafa ganzi kwenye darubini. Njeri alimimina chai, na kwa mazoea akakujazia kikombe chako. Tulikitazama kikipoa. Hakuna aliyekunywa.

Unajua tulichoenda kutafuta. Mama Simiyu, mwenye shamba, alikuahidi ukiwa kitandani hospitalini: korongo wakirudi kutaga, hatakikausha kinamasi. Wasiporudi, atachimba mtaro apande mahindi. Jozi moja tu ingetosha. Ulimshika mkono ukacheka, "Mama, hao watarudi."

Tulipojipanga kutazama, nilikaa mwisho wa mstari, mahali petu. Hapo ndipo ulipokuwa ukinishika mkono wa koti nisizame kwenye tope, ukininong'oneza, "Karani, hapa hakuna mkubwa wako, ni vyura tu."

Ukungu ukapasuka, nikamwona. Korongo mmoja, taji limelowa, shingo ameinyoosha, anageuka huku na huku. Akaita. Akangoja. Hakuna aliyemjibu.

Nikanyoosha mkono kumgusa wa kando yangu, kama sheria uliyotuwekea: ndege hahesabiwi mpaka mwenzako naye amwone. "Macho mawili hudanganya," ulikuwa ukisema, "macho manne huapa." Mkono wangu ulishika hewa. Nilipomfikia Barasa, ukungu ulikuwa umeshafunga.

"Ati Karani ameona mzimu!" Barasa akatania. Kisha akasikia alichosema, akainamia gambuti zake.

Njeri akanivuta kando. "Si useme tu walikuwa wawili, bana. Nitasema hata mimi nimewaona."

Mama Simiyu alikuwa amesimama pale, jembe begani, ananitazama. Ningeweza, Wekesa. Neno moja tu. Lakini ilikuwa sheria yako, na mimi sikuwa na kitu kingine chako.

"Mmoja," nikasema.

Hakukasirika. Alisema polepole, "Mmoja hatagi, mwanangu. Nami nimechoka kungoja."

Jana Barasa alinipigia simu. Mtaro umeanza. Maji yanateremka, na vyura, anasema, wamejaa njiani. Kikundi hakijapanga safari nyingine, na sidhani kitapanga. Nimejiuliza usiku na mchana kama ungenisifu au ungenitukana. Hunijibu.

Sina habari njema ya kukupa. Nina ahadi tu. Julai ijayo nitakwenda, hata nikikuta mahindi matupu. Nitasimama palepale mwisho wa mstari, na kando yangu nitapaacha wazi.

Nimekuandikia alivyokuwa: amelowa, anaita, anageuka huku na huku. Sijaongeza kitu. Kwaheri, ndugu yangu, pumzika. Ila kwanza mwangalie, tafadhali, ili tuwe tumemwona wawili.

Ni mimi,
Karani wako